Maswali na Majibu: Kujaza Kaseti za Super 8 na Kusafisha Filamu kwa Maji ya Pwani

Barua za toleo hili zote zinahusu filamu ndogo za nyumbani: Super 8 ya kaseti, na ndugu yake mkubwa, milimita 8 ya kawaida inayokuja kwenye rili. Kwanza tuelewane kwa maneno. Tukisema kusafisha, tunamaanisha kuitoa picha kwa dawa, kama wapiga picha wasemavyo siku zote; kuosha ni kwa maji matupu. Upande wa dawa ni ule unaonata kidogo ukiugusa kwa mdomo uliolowa. Ule mwingine ni mgongo.

Nimerithi kamera ya Super 8 na kaseti mbili tupu za Kodak. Filamu mpya ikifika huku bei yake inaumiza. Je, naweza kuzifungua kaseti hizi, nikajaza filamu nyingine na kuzifunga tena? — Msomaji, Tanga

Inawezekana, ila kaseti ya Kodak haikuundwa ifunguliwe. Ilipotoka mwaka 1965 nia yake ilikuwa moja: mpiga picha asiiguse filamu kabisa. Nusu zake mbili zimegandishwa kiwandani. Ndani kuna vyumba viwili vilivyobebana kama sahani: kimoja kina filamu mbichi, kingine kinapokea iliyopigwa. Filamu ina urefu wa mita 15. Inatoka chumba cha kwanza, inapita kwenye dirisha la mbele, ambapo kibao cha plastiki kinaibana iwe bapa, kisha inaingia chumba cha pili na kujizungusha kwenye kiini. Kiini hicho kina meno yanayokiruhusu kuzunguka upande mmoja tu.

Ukitaka kuthubutu, vunja kaseti moja ya kutupwa mchana, taa ikiwaka. Usikimbilie kisu. Chora njia ya filamu kwenye karatasi: inazunguka upande gani, matundu yako juu au chini, na kuna visahani vyembamba vya kuteleza mahali gani. Visahani hivyo watu huvitupa wakidhani ni takataka, kumbe ndivyo vinavyoifanya filamu iteleze bila kusuguana na ukuta. Kaseti ya pili ifungue kwa kisu chembamba, ukizunguka kwenye mshono polepole. Mfuniko ukipasuka pembeni si neno. Kibao cha dirishani kikipata mkwaruzo, hiyo kaseti itupe.

Kujaza kunafanyika gizani kabisa, bila taa nyekundu. Kupima mita 15 gizani, piga misumari miwili mezani, mita 1.5 kutoka mmoja hadi mwingine, unyooshe filamu mara kumi. Izungushe kwa upande uleule uliouchora, isikazwe, na kingo zake zilale sawa kama sarafu zilizopangwa. Mwisho wake upitishe dirishani, upande wa dawa ukitazama nje kwenye lenzi, uubandike kwenye kiini kwa kipande kidogo cha tepu, kisha zungusha kiini mara tatu. Funga mshono kwa tepu nyeusi nyembamba. Tepu ya umeme iliyokunjwa mara mbili huinenepesha kaseti ikakataa kukaa mahali pake, na picha zote zitatoka zimekosa ukali kwa sababu dirisha limekaa mbali na lenzi.

Kaseti iliyojazwa nyumbani ikikwama, kwa kawaida kosa ni moja kati ya haya: filamu imezungushwa kwa kukazwa, kingo hazilali sawa, visahani havipo, au mtu ametamani kuongeza mita moja ya ziada. Hakuna nafasi ya mita ya ziada.

Mambo mawili zaidi hayatajwi sana. La kwanza, kamera husoma kasi ya filamu kwa pengo lililokatwa ubavuni mwa kaseti. Ukitia filamu ya ISO 100 kwenye ganda la ISO 200, kamera itapunguza mwanga kwa hatua nzima na picha zitatoka za giza. Ganda la filamu ya taa za ndani lina pengo jingine dogo linaloiambia kamera iache chujio lake la rangi ya chungwa mbele ya filamu. Kwa filamu nyeusi na nyeupe hulihitaji, kwa hiyo sogeza swichi ya kamera kwenye alama ya balbu. La pili, filamu uliyojaza mwenyewe haina lile neno EXPOSED ambalo Kodak hulichapa mwishoni. Kwa fremu 18 kwa sekunde, mita 15 zinakwisha kwa dakika 3 na sekunde 20. Kwa fremu 24, dakika 2 na nusu. Tumia saa.

Filamu yenyewe? Foma wa Hradec Králové, Ucheki, wanatengeneza Fomapan R100, nyeusi na nyeupe, pia katika umbo la upana wa milimita 16 wenye matundu ya Super 8 pande zote mbili. Rili ya mita 30 ikichanwa katikati gizani kwa kichanio maalum inakupa mijazo minne ya mita 15. Kichanio kikiyumba, upana wa filamu unabadilika na picha zinatikisika kushoto na kulia.

Ukituuliza tungefanya nini, tungeyaacha maganda ya Kodak tukatafuta kaseti ya Kisovyeti, ile iliyouzwa na kamera za Quarz za Super 8. Hiyo iliundwa ijazwe tena na tena: mfuniko unafunguka, kiini kinatoka, na haihitaji kisu. Zinapatikana kwenye minada ya mtandaoni kutoka Ulaya Mashariki. Kaseti mbili za namna hiyo zitakuhudumia miaka.

Kamera yangu ni ya milimita 8 ya kawaida, ya rili, na filamu yake huwa na upana wa milimita 16. Nimepata rili nzima ya filamu ya kawaida ya milimita 16 kwa bei nzuri. Kwa nini kamera inaitafuna? — Msomaji, Nairobi

Kwa sababu matundu yamepungukiwa nusu. Kwenye filamu ya milimita 16, kutoka tundu moja hadi jingine ni milimita 7.62. Kamera yako inasogeza filamu milimita 3.81 kwa kila fremu. Ukucha wake unapata tundu mara moja, safari inayofuata unagonga plastiki tupu, na papo hapo unatoboa tundu lake mwenyewe. Zima injini uangalie: utaona vidonda vya pembe nne katikati ya matundu halali. Hakuna marekebisho. Rili hiyo mwuzie mwenye kamera ya milimita 16.

Unachohitaji ni filamu iliyoandikwa 2x8. Inauzwa kwa mita 10: mita 7.5 hivi ni za picha, zilizobaki ni mikia miwili ya kufungia kwenye mwanga. Umbo hili la tangu mwaka 1932 ndilo rahisi kuliko yote kujaza, maana hakuna ganda la kuvunja. Kaa kivulini, si juani, bana rili kwa kidole gumba isilegee, na ingiza mkia. Filamu ikiisha upande mmoja, geuza rili ujaze upande wa pili. Matundu ya katikati ya rili yana mipasuo mitatu upande mmoja na minne upande mwingine ili usikosee, kwa hiyo ikikataa kuingia usiilazimishe. Baada ya kusafishwa inachanwa katikati na kuungwa, ndipo inakuwa mita 15 za filamu ya milimita 8.

Ukiona wekundu au weupe unaoingia kutoka kingoni mwanzo wa kila upande, rili ililegea mkononi wakati wa kujaza.

Nilisafisha Fomapan R100 mwenyewe ili nipate picha ya kuonyesha kwa projekta. Dawa ya kwanza niliipoza hadi digrii 20 kwenye friji. Nyingine nilitumia kama zilivyo, na kuosha nikaosha kwa maji ya bomba. Nilipofungua tangi, upande wa dawa ulikuwa unabanduka vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua. Filamu ilikuwa mbovu? — Msomaji, Dar es Salaam

Filamu ilikuwa nzima. Kilichoibandua ni joto, na barua yako imeshataja mahali joto lilipoingilia.

Picha inakaa ndani ya jelatini, ambayo ikilowa huvimba, na ikilowa katika joto huvimba zaidi. Dawa ya kwanza ina alkali, inaivimbisha. Blichi, dawa ya kuyeyusha fedha ya picha ya kwanza, ina tindikali na pamanganeti, ambayo huidhoofisha jelatini kuliko dawa nyingine yoyote katika kazi hii. Wewe umeitoa filamu kwenye digrii 20, ukaiosha kwa maji ya bomba ambayo Dar yanafika 30, ukaitia kwenye blichi ya 30. Hapo ndipo iliposalimu amri. Dawa ya kwanza ndiyo watu huipoza kwa sababu ndiyo inayoamua weusi wa picha, lakini inayobandua filamu ni blichi na maji ya kuoshea. Kila kitu kinachoigusa filamu, maji yakiwemo, kiwe kati ya 19 na 21.

Maji yote ya kazi yanatosha kwenye dumu la lita 20, ukiosha kwa kujaza na kumwaga badala ya kuacha bomba litiririke. Kupoza lita 20 kutoka digrii 30 hadi 20 kunahitaji kilo 2 za barafu, na ziada kidogo kwa sababu dumu lenyewe lina joto lake. Barafu ikae ndani ya mfuko uliofungwa. Sababu tutaieleza kwenye jibu linalofuata. Chupa za dawa zikae kwenye beseni la maji yaleyale, na kipimajoto kibaki humo muda wote, maana chumba kitayapandisha digrii moja kila baada ya muda mfupi.

Utaratibu wenyewe, kwa lita moja ya kila dawa. Kwanza lijaze tangi lako maji ya kawaida na spirali (gurudumu linaloishika filamu) ikiwa ndani, uyapime, ndipo utajua linakula kiasi gani. Matangi ya LOMO, yale ya Kisovyeti ya kusafishia filamu, yametoka kwa ukubwa tofauti na kukisia kumeharibu filamu nyingi upande wa juu.

Dawa ya kwanza: anza na mililita 500 za maji ya uvuguvugu, uyeyushe kwa mpangilio huu metoli gramu 2, sodiamu salfaiti gramu 90, haidrokwinoni gramu 8, sodiamu kaboneti kavu gramu 45, potasiamu bromaidi gramu 5. Ongeza maji hadi lita moja. Hii ni D-19 ya Kodak. Kwa kazi ya kwanza ongeza gramu 2 za sodiamu thaiosayaneti, inayoyeyusha mabaki na kufanya weupe uwe weupe. Dawa ya pili ni hiyohiyo bila thaiosayaneti. Pima kwa mizani ya sonara, siyo ya jikoni.

Muda wa dawa ya kwanza usiuchukue kwenye karatasi ya mtu mwingine. Kata vipande vitatu vya sentimita 30 kutoka filamu uliyoipigia kitu kimoja, kila kimoja ni fremu 70 na ushee, uvisafishe kwa dakika 8, 10 na 12. Katika kazi hii mambo ni kinyume na negetivu, ile picha ambayo nyeupe huonekana nyeusi: dawa ya kwanza ikizidi, picha ya mwisho inakuwa nyepesi, ikipungua, inakuwa nzito na ya giza.

Ukiosha mara nne, tia blichi kwa dakika 5. Chupa ya kwanza ina mililita 500 za maji yaliyochemshwa mvuke (mvuke uliopozwa ukawa maji tena) na gramu 2 za potasiamu pamanganeti, hii ya duka la dawa. Chupa ya pili ina mililita 460 za maji hayohayo na mililita 40 za tindikali mpya ya betri. Tindikali ndiyo inayoingia kwenye maji, kidogo kidogo, kamwe siyo maji kwenye tindikali, na uvae glovu na miwani. Zichanganye wakati wa kutumia tu, maana zikishachanganywa zinaanza kufa. Tindikali iliyomwagwa kutoka betri kuukuu usiiguse, ina risasi ndani yake.

Baada ya blichi unaweza kufungua mfuniko na kufanya kazi kwenye mwanga wa kawaida wa chumba. Filamu itakuwa na rangi ya kahawia. Osha mara tatu, kisha tia sodiamu metabaisalfaiti gramu 25 kwa lita kwa dakika 2. Kahawia inaondoka mbele ya macho yako na inabaki rangi ya maziwa pale penye picha. Usiivute harufu yake. Osha tena. Sasa itoe spirali, uimulike kwa taa ya LED yenye nguvu dakika 2 kila upande huku ukiizungusha, mwanga uingie hadi zamu za ndani kabisa. Balbu ya moto usiisogeze, tone moja la maji likiigusa inapasuka. Kisha dawa ya pili dakika 6, osha, fiksa (dawa ya kuimarisha picha) yenye shabu dakika 5, na osha mara nane. Shabu hukaza jelatini, na kwa hali ya hewa yetu inafaa sana.

Usijaribu kuisafisha R100 kama negetivu ili kukwepa kazi hii yote. Chini ya dawa yake kuna tabaka la fedha la kuzuia mwangwi wa mwanga, na ni blichi tu inayoliondoa. Bila blichi utapata filamu nyeusi tii.

Joto nimelidhibiti kwa barafu, dawa nimepima sawasawa, lakini weupe wa picha zangu umefunikwa na utando wa kijivu, hata kwenye mkia ambao ulipigwa na mwanga wote. Natumia maji ya kisima. — Msomaji, Unguja

Kisima chako kina chumvi, na chumvi hiyo ndiyo utando unaouona.

Kazi ya blichi ni kuyeyusha fedha ya picha ya kwanza iondoke kabisa na maji. Maji yakiwa na kloraidi, fedha inapoyeyuka inakamatwa njiani na kuwa kloraidi ya fedha, ambayo haiyeyuki. Inabaki humohumo kwenye jelatini. Halafu wewe unaimulika kwa taa na kuitia kwenye dawa ya pili, nayo inageuka nyeusi kama sehemu nyingine yoyote ya picha. Visima vya mwambao, kuanzia Lamu hadi Mtwara, vingi vina chumvi kiasi cha kuharibu kazi hii hata kama ulimi hauisikii.

Kwa sababu hiyohiyo, asidi ya haidrokloriki ya kusafishia vyoo isiingie kwenye blichi badala ya salfuriki, yaani tindikali ya betri. Mbali na kuharibu picha, ikikutana na pamanganeti inatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaua.

Tiba ni rahisi. Blichi ichanganywe kwa maji yaliyochemshwa mvuke, na suuza ya mwisho kabla ya blichi iwe ya maji hayo pia. Kwa kuosha kwingine kisima kinatosha. Maji hayo yanauzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri, lakini soma lebo kwa makini: rafu hiyohiyo ina chupa za tindikali zenye umbo lilelile, na wauzaji wengi huziita zote mbili jina moja. Na barafu ya mtaani imegandishwa kwa maji ya popote, ndiyo maana tumesema ikae ndani ya mfuko.

Ukitaka uhakika, kata vipande viwili vya mkia uliopigwa na mwanga, visafishe pamoja katika dawa moja, kimoja ukitie kwenye blichi ya maji ya betri, kingine ya kisima. Vikishatoka kwenye metabaisalfaiti, kabla ya taa, viweke juu ya karatasi nyeusi. Kipande safi kinang'aa kama kioo. Kipande cha kisima kina ukungu wa maziwa. Vyote viwili vikiwa na ukungu, hapo sasa shuku dawa ya kwanza: imechoka, au muda wake mfupi.

Kwenye sanduku la marehemu baba kumetoka kaseti tatu za Kodachrome zilizopigwa lakini hazikusafishwa, nadhani za miaka ya 1970. Nani anaweza kuzitoa kwa rangi? — Msomaji, Muscat

Kwa rangi, hakuna. Tunasikitika kuliandika hilo, maana tunajua kilichomo huenda ni nyuso za watu walioondoka. Kodachrome haina rangi ndani yake. Rangi zilitiwa wakati wa kusafisha, kwa mtambo na dawa za pekee. Maabara ya mwisho duniani, Dwayne's Photo ya Parsons, Kansas, ilifunga kazi hiyo kwa filamu zilizopokelewa hadi tarehe 30 Desemba 2010.

Lakini picha zimo, kwa nyeusi na nyeupe. Zitoeni kama negetivu, kisha zipigwe skani na kugeuzwa kwenye kompyuta. Tusingependekeza njia ya blichi tuliyoieleza juu: filamu iliyokaa miaka hamsini katika joto ina ukungu wake mwenyewe, na katika njia ile ukungu hula weusi wote wa picha. Katika negetivu ukungu unaongeza uzito tu, na skana nzuri hupenya. Tumieni D-76 au HC-110, dawa za Kodak za negetivu za nyeusi na nyeupe, mwongeze mililita 10 hadi 20 za mmumunyo wa asilimia 1 wa benzotrayazoli kwa kila lita ili kuudhibiti. Mgongo wa Kodachrome una tabaka jeusi la kaboni. Namna ya kuliondoa iko kwenye jibu linalofuata. Negetivu itabaki na umanjano, msishtuke, kuna chujio la manjano ndani ya filamu.

Kaseti zipo tatu. Kateni mita moja ya kwanza ya kaseti iliyo dhaifu zaidi, iwe ya majaribio, msiziingize zote siku moja. Hadi hapo zikae kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, na siku ya kazi ziacheni nje saa kadhaa kabla ya kuufungua mfuko, zisitoke jasho. Mkizituma kwa ndege kwenda maabara ya nje, ziepusheni na mashine mpya za skani za viwanja vya ndege.

Nasafisha Kodak Vision3 200T kwa dawa za rangi. Rangi zinatoka vizuri, ila picha imejaa madoa meusi kama masizi. — Msomaji, Mombasa

Ni masizi kweli. Mgongo wa Vision3 umepakwa kaboni, iitwayo remjeti, ya kuzuia mwangwi wa mwanga na umeme wa msuguano. Imetoka mgongoni ikahamia upande wa dawa, na ikikaukia pale haitoki.

Kabla ya dawa ya rangi, tia maji ya kulainishia ya Kodak: kwa lita moja, boraksi gramu 20, sodiamu salfeti kavu gramu 100, kostiki soda gramu 1, katika digrii 27. Loweka dakika moja bila kutikisa. Mwaga, jaza maji ya joto hilohilo, sasa tikisa kwa nguvu sekunde 20, mwaga. Yatatoka meusi kama wino. Rudia hadi yatoke angavu. Kosa la wengi ni kutikisa likiwa bado ndani ya boraksi, wakalisambaza tabaka zima. Mwisho wa kazi, filamu ikiwa bado imelowa, ipitishe mgongo kwenye sponji laini lenye maji. Mgongo tu. Suuza sponji kila baada ya mita moja.

Na hapa watu wa Pwani mna nafuu. Nyeusi na nyeupe inatudai barafu, lakini dawa ya ECN-2, ya filamu za sinema za rangi, inataka digrii 41.1 kwa dakika 3, na C-41, ya filamu za rangi za picha za kawaida, inataka 37.8 kwa dakika 3 na robo. Maji ya Mombasa yapo 30 tayari. Beseni na birika vinatosha. Anayeanza, na aliye na skana, aanze na rangi. Vision3 hutoa negetivu, kwa hiyo haifai projekta.

Kagua pia tarehe ya filamu yako: mwaka 2025 Kodak walianza kuitoa Vision3 isiyo na remjeti, na hiyo haihitaji kusuguliwa.

Kihesabio cha kamera kilifika mwisho lakini neno EXPOSED halikuonekana dirishani. — Msomaji, Morogoro

Kihesabio huzungushwa na injini, hakijui kama filamu inakwenda. Itoe kaseti, weka nukta ya kalamu ya wino kwenye filamu inayoonekana dirishani, irudishe, piga sekunde 2, utoe tena. Nukta ikiwa imeondoka, filamu inatembea. Ikiwa ipo palepale, gonga kaseti kwa ubapa wake kwenye kiganja mara mbili tatu, kisha zungusha kiini kwa kidole upande kinaokubali hadi ulegevu uishe. Bado imegoma? Sugua kutu kwenye vyuma vya betri za kamera kabla ya kuilaumu kaseti.

Filamu yangu ikikauka inabaki na mistari ya mawimbi, na mara mbili imekatika ikiwa kambani. — Msomaji, Arusha

Imekatika kwa sababu umeivuta. Filamu iliyolowa ni ndefu kidogo kuliko kavu. Ukiizungusha kwenye fito ikiwa imekaza, inajifupisha inapokauka na kujikata yenyewe kwenye matundu. Iache ining'inie kwa mikunjo yenye ulegevu wa kidole kimoja, upande wa dawa ukitazama nje usiguse fito.

Mistari ni matone yaliyokauka mahali pamoja. Suuza ya mwisho iwe ya maji ya betri yenye matone machache ya dawa ya kuondolea matone, dakika 1, bila kutikisa hadi povu. Usifute upande wa dawa kwa kitu chochote ukiwa laini. Kaushia kwenye chumba kilichofungwa ambacho sakafu yake imemwagiwa maji kidogo ili vumbi litulie, feni ikiwa imezimwa; jua na feni huikausha kingo kabla ya katikati, na hapo ndipo filamu inapojikunja kama jani la mgomba.